Edogawa Ranpo, mtunzi wa upelelezi aliyenyamazishwa na vita

Wazazi wake walimwita Hirai Taro. Alizaliwa Oktoba 1894 mjini Nabari, mkoani Mie, katikati ya Japani, na alipoanza kuandika alijitungia lakabu inayoiga matamshi ya jina la Edgar Allan Poe, Mmarekani aliyemhusudu. Kwa herufi za Kijapani, Edogawa Ranpo husomeka pia kama matembezi ya ovyo kandokando ya mto Edo.

Lakabu hiyo ilimfaa. Alihitimu masomo ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Waseda mwaka 1916, kisha akahangaika kutoka kibarua kimoja hadi kingine: aliuza vitabu vikuukuu pamoja na wadogo zake, na hata tambi za mkokoteni. Mwaka 1923 jarida la Shin Seinen lilichapisha hadithi yake ya sarafu ya shaba, yenye fumbo lililofichwa ndani ya sala ya Kibudha na nukta za maandishi ya wasioona. Wasomaji waliozoea tafsiri za hadithi za Ulaya na Marekani wakatambua kwamba sanaa hiyo sasa ilikuwa na mtunzi wa kwao. Miaka miwili baadaye alimbuni mpelelezi Akechi Kogoro.

Hadithi iliyomponza, hata hivyo, haina mpelelezi. Katika Imomushi, yaani Kiwavi, ya mwaka 1929, ofisa wa jeshi anarudishwa kutoka vitani bila mikono wala miguu, hasikii wala hasemi; amebakiwa na nishani zake na mke anayemuuguza huku akigeuka taratibu kuwa mtesi wake. Watu wa mrengo wa kushoto waliisifu kuwa ni hadithi ya kupinga vita. Ranpo mwenyewe alikana kuwa na lengo la kisiasa, jambo ambalo halikumsaidia. Mwaka 1939, Japani ikiwa vitani nchini China, wadhibiti wa maandishi waliamuru Imomushi iondolewe kwenye mkusanyiko wake, na vitabu vyake vingine vikaanza kuadimika madukani.

Hadithi zake za watoto kuhusu mwizi mwenye nyuso ishirini, zilizoanza mwaka 1936 na kupendwa mno, nazo zikakatika. Kwa muda aliandikia vijana kwa jina jingine, na nyumbani akabandika vyeti, barua na vipande vya magazeti kwenye daftari kubwa la kumbukumbu za maisha yake, kazi ya mtu asiyekuwa na cha kuchapisha.

Vita vilipokwisha, aliandika zaidi kuhusu kazi za wenzake kuliko za kwake. Mwaka 1947 aliongoza kuanzishwa kwa chama cha waandishi wa upelelezi, na alipotimiza miaka sitini alitoa fedha za kuanzisha tuzo yenye jina lake. Mwaka 1957 tuzo hiyo ilimwendea Niki Etsuko, mwanamke aliyepooza miguu tangu utotoni, na riwaya yake ikauzwa kwa wingi nchini kote.

Ranpo alifariki dunia Julai 28, 1965, akiwa na miaka 70. Nyumba yake ya Ikebukuro, Tokyo, pamoja na ghala alimohifadhi vitabu, sasa iko chini ya Chuo Kikuu cha Rikkyo.