Abdurrahman Ad-Dakhil: Mkimbizi Aliyeasisi Dola Andalusi

Wengi wetu tulipokuwa chuoni tulisimuliwa habari za Andalusi, nchi iliyozungukwa na bahari pande tatu, ambayo siku hizi ni Uhispania na Ureno. Tulitajiwa Tariq bin Ziyad aliyevuka mlango wa bahari mwaka 711. Tukatajiwa pia uzuri wa msikiti wa Kordoba. Lakini mtu aliyeuwekea msingi msikiti huo hatajwi sana katika barza zetu, na kisa chake ni katika visa vya ajabu vya tarikhi ya Kiislamu. Alifika nchi hiyo akiwa mkimbizi, hana jeshi wala hazina, na kichwa chake kikitafutwa. Mtu huyo ni Abdurrahman bin Muawiya, ambaye Waarabu wamempa lakabu ya Ad-Dakhil, yaani aliyeingia.

Alizaliwa nchi ya Sham mwaka 731, katika ukoo wa Bani Umayya. Babu yake ni Khalifa Hisham, na babake Hisham ni Abdul Malik bin Marwan, ambaye jina lake si geni kwa wazee wa Pate na Lamu, maana hutajwa katika masimulizi ya kale ya pwani yetu. Mamake alikuwa Mberberi wa kabila la Nafza, kutoka Maghribi. Babake alifariki yeye angali mdogo, akalelewa katika nyumba ya babu yake kwa raha na heshima.

Raha hiyo haikudumu. Mwaka 750 Bani Abbasi walilivunja jeshi la Bani Umayya kwenye mto Zab, na ukhalifa ukapinduka. Washindi hawakutosheka na ufalme. Waliwaandama jamaa wa Bani Umayya mmoja mmoja, na siku moja huko Palestina jamaa wengi wa ukoo huo walialikwa karamuni wakaahidiwa amani, kisha wakauawa pale pale penye chakula.

Abdurrahman alikuwa amejificha kijijini karibu na mto Furati. Yasimuliwa kwamba alikuwa akiugua macho, amelala katika chumba chenye kiza, pindi mwanawe mdogo Suleiman alipoingia mbio akilia. Alipotoka kutazama aliona bendera nyeusi za Bani Abbasi zimekwisha fika kijijini. Akakimbia pamoja na nduguye mdogo, kijana wa miaka 13, na wote wawili wakajitupa mtoni. Askari waliokuwa ukingoni wakawaita warudi, wakiwaahidi amani. Yule mdogo alichoka na mkondo wa maji, akaziamini ahadi zile, akarudi. Abdurrahman alipofika ng'ambo na kugeuka, alimwona nduguye akikatwa kichwa. Umri wake wakati huo haukufika miaka 20.

Tangu hapo njia yake ilikuwa ni kwenda magharibi. Mtumwa huru wake aitwaye Badr alimfuata akamletea fedha na vito kutoka kwa dada zake. Wakapita Palestina na Misri hadi Afrika ya Kaskazini. Huko nako liwali wa Kairuani alikuwa akiwaua Bani Umayya kwa kuogopa wasije wakamnyang'anya madaraka. Muda wa miaka karibu mitano Abdurrahman alihama kabila kwa kabila, leo analala kwa huyu, kesho kwa yule, hata akafika kwa wajomba zake wa Nafza, pwani ya Maghribi. Hapo damu ya mamake ndiyo iliyomhifadhi.

Kutoka pwani hiyo Andalusi si mbali, na nchi hiyo ilikuwa imechafuka. Waarabu walioihamia walikuja na ugomvi wao wa zamani, watu wa Yemeni upande mmoja na watu wa Qays upande wa pili. Mwaka 747 walipigana karibu na Kordoba, na watu wa Yemeni wakachinjwa wengi. Waberberi, ambao ndio waliokuwa wengi katika jeshi la Tariq, walinung'unika kwamba Waarabu wamejitwalia ardhi nzuri wakawaachia wao milima. Kulikuwako pia wenyeji wa asili, Wakristo na waliosilimu, na Mayahudi wa mijini. Juu ya yote hayo ikaingia njaa. Liwali Yusuf al-Fihri alikaa kitini, lakini mwenye nguvu hasa alikuwa As-Sumayl, mkuu wa watu wa Qays.

Mwaka 754 Abdurrahman alimtuma Badr avuke kwenda kuzungumza na wafuasi wa ukoo wake waliokuwa wakikaa huko, wapata wapiganaji 500. Badr alizungumza nao, kisha wakatafuta msaada kwa watu wa Yemeni, waliokuwa na kisasi moyoni. Mwaka 755 Abdurrahman alishuka Almuñécar, bandari ndogo ya kusini. Yusuf alipopata habari alimpelekea zawadi na kutaka kumwoza binti yake, mradi aache kutafuta utawala. Mazungumzo hayo yalivunjika.

Majeshi yalikutana nje ya Kordoba mwezi wa Mei 756, siku ya Idi ya Kuchinja. Abdurrahman hakuwa hata na bendera, hivyo wakafunga kilemba kwenye mkuki kikawa ndicho bendera yao. Alikuwa amepanda farasi mwenye mbio, na watu wa Yemeni wakaanza kunong'onezana kwamba kijana huyu mambo yakiharibika atatoroka awaache. Alipojua hayo alishuka, akampa mwingine farasi wake, naye akapanda nyumbu. Nyumbu hakimbii vitani, na kila mtu alifahamu maana yake. Siku hiyo akashinda, akaingia Kordoba akiwa amiri, umri wake wapata miaka 25. Watu wa Yemeni walipoanza kuipora nyumba ya Yusuf na kuwaendea wanawake wake, aliwazuia. Baadhi yao hawakumsamehe kwa hilo.

Kupata ni jambo moja, na kuweka ni jambo jingine. Alitawala miaka 32, na ni michache aliyolala bila khofu ya vita. Mwaka 763 mtu aitwaye Al-Ala bin Mughith aliinua bendera nyeusi kwa jina la Khalifa Al-Mansur wa Baghdadi, akamzingira Abdurrahman katika mji wa Carmona miezi miwili. Chakula kilipokaribia kwisha, aliteua watu 700, wakazitia motoni ala za panga zao kuonyesha kuwa hakuna kurudi nyuma, wakatoka wakalivunja jeshi lile. Vichwa vya wakubwa wa uasi vilitiwa chumvi vikapelekwa mashariki, hata vikamfikia Khalifa mwenyewe. Yasemekana Al-Mansur alimshukuru Mungu kwa kuiweka bahari baina yake na mtu yule, na kwamba ni yeye huyo adui yake aliyempa lakabu ya Mwewe wa Kureshi.

Mwaka 778 hatari ilitoka kaskazini. Baadhi ya maliwali wa Kiislamu walikwenda kwa Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, kumwomba msaada dhidi ya amiri wao. Charlemagne akaja na jeshi kubwa mpaka Zaragoza, lakini milango ya mji ikafungwa mbele yake. Aliporudi kwao, Wabaski walilishambulia jeshi lake la nyuma katika njia ya milimani iitwayo Roncesvalles wakaliangamiza. Baadaye washairi wa Ufaransa waliigeuza habari hiyo ikawa ni vita na Waislamu.

Haifai kuficha upande mwingine wa mtu huyu. Yeye aliyeona ndugu yake akichinjwa, naye aliwaua watu wa damu yake walipokula njama, hata mtoto wa nduguye. As-Sumayl alikufa gerezani mwake. Na Badr, aliyemfuata jangwani na kumvukia bahari, mwisho alinyang'anywa mali akahamishiwa mipakani. Kwa kuwa hakuwaamini tena Waarabu wa makabila, alijikusanyia jeshi la watumwa na Waberberi. Hivyo aliokoka na upanga, akatawala kwa upanga.

Pamoja na hayo, hakuwa mtu wa vita tu. Nje ya Kordoba alijenga kasri na bustani akaiita Rusafa, kwa jina la mahali alipokaa babu yake Sham. Aliagiza mbegu na miche kutoka kwao, makomamanga na mingineyo. Katika bustani hiyo palikuwa na mtende, naye aliutungia mashairi akijifananisha nao, kwamba wote wawili ni wageni waliotengwa na kwao. Kwa mtu wa pwani anayejua mti huo, maana yake haihitaji kuelezwa.

Kiasi cha mwaka 785 alianza kuujenga msikiti mkuu wa Kordoba, kwa nguzo za majengo ya kale ya Warumi na matao mekundu na meupe, tao juu ya tao. Waliomfuata waliupanua mara kadhaa. Mji ulipotwaliwa na Wakristo mwaka 1236 ukageuzwa kanisa, na hadi leo ni kanisa, lakini matao yale na mihrabu vingalipo.

Abdurrahman alifariki mwaka 788 akazikwa Kordoba, na mwanawe Hisham akashika nafasi yake. Yeye mwenyewe hakudai ukhalifa, alitosheka na uamiri. Alioacha nyuma walitawala mpaka mwaka 1031, na Uislamu ukabaki na dola Andalusi hadi Granada ilipoanguka mwaka 1492. Kilichoiangusha mwishowe ni kile kile alichokikuta yeye siku ya kwanza, yaani ndugu kumwita adui amsaidie kumpiga ndugu. Yeye aliweza kukizuia kwa muda wa maisha yake. Waliokuja mwisho hawakuweza, na nchi ikawatoka.