Dk. Still: Tabibu aliyezika wanawe, akaasisi tiba ya mikono

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1864 homa ya uti wa mgongo iliingia nyumbani kwa Dk. Andrew Taylor Still, huko Kansas, Marekani. Watoto watatu walifariki dunia, na haukupita muda wa nne akafuata kwa nimonia. Madaktari waliitwa, wahubiri waliomba, lakini hakuna aliyenusurika.

Msiba huo ulimfanya tabibu huyo aitilie shaka taaluma yake mwenyewe, hata akaasisi osteopathi, tiba ya kukanda na kunyoosha viungo kwa mikono, inayoutazama mwili wa mgonjwa kuwa kitu kimoja kisichogawanyika.

Still alizaliwa Agosti 6, 1828 katika jimbo la Virginia. Baba yake, Abram, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti na tabibu, na kwake ndiko kijana huyo alikojifunzia uganga. Huko Kansas alipinga utumwa, akachaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria mwaka 1857, kisha akapigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Tiba ya zama hizo ilikuwa ya kutisha. Wagonjwa walinyweshwa dawa zenye zebaki, walipewa afyuni, na wengine walitolewa damu. Mara nyingi dawa ilidhuru kuliko maradhi yenyewe.

Kwa miaka kadhaa Still alichunguza mifupa na maiti, akahitimisha kwamba mwili una uwezo wa kujiponya, na kwamba kazi ya tabibu ni kuondoa vizuizi vya damu na neva kwa kurekebisha viungo. Alitangaza fikra hizo mwaka 1874. Chuo Kikuu cha Baker, ambacho familia yake ilisaidia kukianzisha, kilimnyima nafasi ya kuzieleza.

Mwaka 1875 alihamia Kirksville, Missouri. Wapo waliomwita mwendawazimu, lakini wagonjwa walizidi kumiminika. Mwaka 1892 alifungua chuo chake cha kwanza, kikapokea wanawake pamoja na wanaume, na mwaka 1897 Missouri ikaitambua tiba hiyo kisheria. Alifariki dunia Desemba 12, 1917, akiwa na umri wa miaka 89.

Hata hivyo, Still alivuka mpaka. Aliamini kuwa hata maradhi ya kuambukiza yangeweza kutibiwa kwa kurekebisha mifupa, jambo ambalo sayansi ya vijidudu ililikanusha. Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria leo hutibiwa kwa antibiotiki na hukingwa kwa chanjo, yaani kwa dawa, si kwa mikono.

Warithi wake walilikubali hilo. Nchini Marekani, wahitimu wa vyuo vya osteopathi ni madaktari kamili wanaoandika dawa na kufanya upasuaji. Nchini Uingereza, wataalamu wake wanatambuliwa kwa sheria ya mwaka 1993, nao hushughulikia zaidi maumivu ya mgongo na viungo, ambako utafiti umeonyesha nafuu ya kiasi.

Chuo cha Kirksville bado kipo, na kinaitwa kwa jina lake. Wanafunzi wake hufundishwa kunyoosha viungo kwa mikono, na pia hufundishwa matumizi ya dawa ambazo mwasisi wao alizikataa.