ASKOFU EDWARD STEERE (1828–1882): MPIGA CHAPA WA NENO LA MUNGU

Msomaji wa kitabu hiki cha kumbukumbu huenda akashangaa kukuta humu, kati ya habari za wainjilisti, wazee wa kanisa na wachungaji waliotutangulia, maisha ya mtu ambaye hakuwa Mlutheri, na ambaye makao yake yalikuwa Unguja, si Morogoro. Tumeyaweka kwa makusudi. Usharika hauanzi siku ile jiwe la msingi linapowekwa tu. Huanza pia pale ambapo Neno linapatikana katika lugha inayoeleweka, likiwa limepigwa chapa katika karatasi ambayo mtu anaweza kuichukua mkononi, akaipandisha mlimani na kuisoma nyumbani kwake. Miongoni mwa waliolifanya jambo hilo liwezekane katika lugha ya Kiswahili, hayati Askofu Edward Steere ana nafasi ya pekee.

Sisi Walutheri hatuhitaji kuelezwa sana thamani ya mtambo wa chapa. Dokta Martin Luther alipotafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani, likatoka mtamboni Wittenberg mwezi Septemba 1522, ni wapiga chapa waliolifikisha katika nyumba za wakulima na mafundi. Jambo la namna hiyo lilitendeka katika pwani yetu zaidi ya miaka 300 baadaye, kwa mtambo mdogo na mikono michache.

Kuzaliwa na elimu

Edward Steere alizaliwa London, Uingereza, tarehe 4 Mei 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye mwana akaifuata njia hiyo. Alisoma katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya udaktari wa sheria mwaka 1850, na mwaka huohuo akakubaliwa kuwa wakili. Mlango wa maisha ya starehe ulikuwa wazi mbele yake. Lakini moyo wake ulivutwa na utumishi wa Kanisa, na mwaka 1856 alibarikiwa kuwa shemasi, kisha kasisi mwaka 1858. Alihudumu katika makanisa ya vijijini, hasa Lincolnshire, kati ya wakulima na wavuvi. Huko alijizoeza jambo ambalo lilimfaa sana baadaye: kusema mambo mazito kwa maneno mepesi.

Safari ya kuja Afrika

Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa herufi UMCA, ilizaliwa kutokana na mwito alioutoa David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Mwanzo wake ulikuwa wa machozi. Askofu wa kwanza, Mackenzie, alifariki kwa homa karibu na mto Shire mwaka 1862. Mwaka 1863 William Tozer aliwekwa wakfu kuchukua nafasi yake, akamwomba rafiki na jirani yake Steere amsindikize. Steere alikubali. Baada ya kuona shida za Zambezi, Tozer aliamua kuihamishia misheni Unguja, nao wakafika huko mwishoni mwa Agosti 1864.

Unguja ya siku zile ilikuwa mji wa biashara kubwa: karafuu, pembe za ndovu, na watu. Misafara ya bara ilishuka pwani kwa njia kadhaa, na mojawapo ilipita chini ya milima yetu ya Uluguru, penye mji wa Simbamwene uliojengwa na Kisabengo, mahali ambapo leo ni Morogoro. Waliofungwa minyororo katika njia hiyo walifikishwa Bagamoyo, wakavushwa bahari, wakasimamishwa katika soko la Mkunazini kupimwa na kuuzwa. Ni vema tukumbuke kwamba habari ya soko lile ni habari ya baba zetu pia.

Muda mfupi baada ya kuwasili, wamisionari walikabidhiwa na Sultani Majid wavulana watano waliotwaliwa kutoka katika jahazi la watumwa. Watoto hao ndio waliokuwa shule ya kwanza ya misheni. Mmoja wao, John Swedi, alibarikiwa kuwa shemasi mwaka 1879.

Mtambo wa chapa

Steere alikuta lugha yenye fasihi tajiri na ya zamani, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu na kutumiwa na masheikhe na watunzi wa tenzi. Wamisionari waliomtangulia, Krapf na Rebmann, Wajerumani kutoka Württemberg waliofanya kazi upande wa Mombasa, walikuwa wamekwisha kuiandika kwa herufi za Kirumi na kutoa sarufi mwaka 1850. Lakini Kiswahili cha Unguja kilitofautiana na Kimvita, na njia ya kukiandika kwa herufi za Kirumi ilikuwa bado haijatulia. Steere alijiwekea kanuni rahisi: irabu zitamkwe kama za Kiitaliano, na konsonanti kama za Kiingereza. Kila mtoto wa shule ya msingi hapa Morogoro anayeandika neno bila kubabaika juu ya herufi zake anakula matunda ya kanuni hiyo.

Misheni ilikuwa na mtambo mdogo wa chapa, na Steere hakuona aibu, pamoja na udaktari wake wa sheria, kukunja mikono ya kanzu na kuchafuka wino. Inafaa tuieleze kazi hiyo, kwa kuwa vijana wa leo, waliozoea kompyuta, hawajaiona. Herufi zilikuwa vipande vidogo vya risasi iliyochanganywa na madini mengine, kila kipande kikiwa na herufi moja kichwani, iliyogeuzwa kama ionekanavyo katika kioo. Vipande hivyo vilitunzwa katika sanduku pana lenye vijumba vingi. Mpangaji alisimama mbele yake, akachukua herufi moja baada ya nyingine, akazipanga mstari kwa mstari, huku akizisoma juu chini. Ukurasa ulipokamilika ulifungwa imara ndani ya fremu ya chuma, ukapakwa wino, karatasi ikawekwa juu yake na mtambo ukaikandamiza. Karatasi ilitundikwa ikauke. Nakala zilipotosha, herufi zote zilisafishwa na kurudishwa moja moja katika vijumba vyake, ili zitumike tena kwa ukurasa mwingine. Katika kiwanda kidogo chenye herufi chache, hapakuwa na njia ya kupanga kitabu kizima kwa mara moja.

Kulikuwa na tabu nyingine ambayo yeyote aliyewahi kupanga Kiswahili kwa herufi zilizogawanywa kwa ajili ya Kiingereza ataielewa. Kiswahili hula herufi a kuliko lugha nyingi, tena hutaka k, w na m kwa wingi, na wakati huohuo q na x hukaa katika vijumba vyake bila kazi. Kosa nalo lilikuwa jepesi kutendeka. Herufi moja ikikosewa, atakaye husomeka apakaye, na mwalimu aliye mbali na mji hana wa kumsahihisha.

Steere aliwafundisha kazi hiyo vijana waliokombolewa utumwani. Hapa ndipo panapogusa moyo. Mtoto aliyepandishwa jahazini kama mzigo, aliyeandikwa katika hesabu ya mfanyabiashara kwa bei tu, alisimama mbele ya sanduku la herufi na kuyapanga kwa vidole vyake maneno ya Injili. Kabla watu wengi wa bara hawajaona kitabu, kijana wa bara alikuwa amekwisha kukitengeneza. Vitabu vingi vya kwanza vya misheni, masomo ya shule, sala, sehemu za Maandiko na hadithi za kusomea, vilipita katika mikono hiyo.

Lugha za majirani

Mwaka 1870 vilitoka London vitabu viwili vilivyolijulisha jina la Steere mbali: kitabu cha kujifunzia Kiswahili cha Unguja, na mkusanyo wa hadithi za Waswahili alizosimuliwa na wenyeji wa mji. Hakuvipata peke yake. Wasomi wa Kiislamu wa Unguja walikaa naye saa nyingi wakimsahihisha, ingawa walijua kwamba imani yao na yake ni mbili. Ungwana huo wa wenyeji haufai kusahauliwa katika historia ya Biblia ya Kiswahili.

Wala hakuridhika na Kiswahili tu. Aliwauliza watu waliofika Unguja kutoka bara juu ya lugha za mama zao. Mwaka 1867 alipiga chapa maelezo ya Kishambala, mwaka 1869 akatoa msamiati mfupi wa Kigindo, Kizaramo na Kingazija, na baadaye Kiyao na Kimakonde. Kizaramo ni ndugu wa karibu wa Kiluguru, na mzee wa Matombo au Kinole akisomewa msamiati ule atatambua maneno mengi.

Soko lageuka nyumba ya Mungu

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Uwanja wa Mkunazini ulipatikana kwa ajili ya misheni, na sehemu yake moja ilitolewa na Mhindi mfanyabiashara wa mjini, Jairam Senji. Siku ya Krismasi mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa liliwekwa. Tozer alikuwa amekwisha kujiuzulu kwa sababu ya afya, na tarehe 24 Agosti 1874 Steere aliwekwa wakfu kuwa askofu. Alirudi akiwa askofu, msanifu wa jengo, msimamizi wa mafundi na mfasiri kwa wakati mmoja. Kanisa lilifunguliwa siku ya Krismasi 1879, likiwa na paa la zege la mawe ya matumbawe ambalo wengi walitabiri kuwa lingeanguka. Limesimama hata leo.

Katika miaka hiyo hakukaa mjini tu. Mwaka 1875 alisafiri kwa miguu hadi Mwembe kwa Mataka, mtawala wa Wayao, na mwaka 1876 aliongoza kundi la watu waliokombolewa kurudi bara, ambao waliweka makazi Masasi. Kwa muda mrefu wa utumishi wake mkewe alikuwa Uingereza, na upweke huo aliubeba kimya.

Tafsiri ya Agano Jipya aliikamilisha kabla ya kufa. Alifariki Unguja mwezi Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikiwa imekamilishwa na wenzake.

Urithi wake kwetu

Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro mwaka 1907, ilileta pamoja na watu na bidhaa vitabu vya Kiswahili kilichoandikwa kwa njia hiyo. Mwaka 1928 wajumbe waliokutana Mombasa walichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Walutheri nao walikuwa na kazi yao: Mchungaji Karl Roehl, akisaidiwa na Martin Nganisha na Andrea Ndekeja, alitoa Biblia nzima mwaka 1937, akipunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kutafuta yaliyo karibu na lugha za bara. Hatimaye madhehebu yalishirikiana, na Biblia ya pamoja ya mwaka 1952 ndiyo ambayo wengi wetu tumelelewa nayo.

Kwa ukweli wa historia, hatuna budi kutaja pia gharama. Mluguru wa kwanza aliyejifunza kusoma alijifunza katika lugha ambayo haikuwa ya mama yake. Bibi zetu waliimba kwa Kiswahili kanisani na kulia misibani kwa Kiluguru. Kiswahili kilituunganisha na Wazaramo, Wakaguru na Wachaga waliojiunga nasi, lakini sala nyingi za mlimani hazikuwahi kupigwa chapa.

Gharama ya pili ni ya majina. Jina la Steere limeandikwa juu ya jalada, na ya Nganisha na Ndekeja yametajwa pamoja na la Roehl. Bali vijana wengi waliopanga zile herufi za risasi huko Unguja hawatajwi popote katika kurasa walizozitengeneza. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Ndivyo ilivyo hata kwa watumishi. Kwa sababu hiyo kamati ya kitabu hiki imejitahidi kuandika majina ya waalimu, wapiga kengele, akina mama waliobeba mawe ya ujenzi, na wote ambao mikono yao ilifanya kazi bila kusainiwa.

Mitambo ya herufi za risasi imenyamaza karibu kila mahali. Lakini katika masanduku ya wazee wetu, Mgeta hata mjini, bado kuna vitabu vya nyimbo na Maagano Jipya ya zamani ambayo ukipitisha kidole juu ya ukurasa utahisi alama ya herufi iliyokandamizwa. Tunawasihi washarika wasiviachie mchwa. Vileteni ofisi ya usharika vitunzwe, na pembeni mwake yaandikwe majina ya waliovisoma. Hiyo itakuwa njia ya haki ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya Askofu Edward Steere, na kwa ajili ya wale vijana waliosimama kando yake, vidole vyao vikiwa vyeusi kwa wino, wakilipanga Neno herufi kwa herufi ili litufikie.