Elmer Sperry na Pia Yake

Wenzangu wengi wakitakiwa kuandika habari za mtu mashuhuri huchagua mfalme au jemadari. Mimi nimemchagua fundi, Elmer Sperry, aliyetumia mchezo wa watoto kuokoa maisha ya watu angani.

Sperry alizaliwa mwaka 1860 katika Jimbo la New York, Marekani. Mama yake alifariki mara baada ya kumzaa, naye akalelewa na babu na bibi yake. Alipokuwa kijana alianzisha kazi ya kutengeneza taa za umeme mjini Chicago, lakini kilichomletea sifa kubwa ni pia.

Kila mtoto ajua kwamba pia ikizunguka kwa kasi husimama wima wala haianguki upesi. Gurudumu likizungushwa vivyo hivyo ndani ya fremu inayogeuka kila upande, mhimili wake hubaki umeelekea pale pale hata chombo kikiyumba. Kwa kanuni hiyo Sperry alitengeneza dira ya meli isiyopotoshwa na chuma, ikajaribiwa katika manowari Delaware mwaka 1911.

Kisha akageukia ndege. Mwaka 1914, karibu na Paris, mwanawe Lawrence alirusha ndege huku ameinua mikono juu na fundi wake akitembea juu ya bawa, nayo ndege haikupinduka, kwa kuwa pia za baba yake ziliishika. Lakini Desemba 1923 Lawrence aliondoka Uingereza peke yake kwenda Ufaransa kukiwa na ukungu, akafa baharini. Mzee Sperry hakuiacha kazi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini rubani asitumie akili yake tu. Hata mimi niliuliza, mpaka rafiki yangu aliponizungusha katika kiti, macho yangu yamefungwa kwa kitambaa. Baada ya muda nilidhani kiti kimesimama, kumbe bado chazunguka. Kiliposimama kweli, niliapa kwamba nazungushwa upande wa pili! Rubani aliye ndani ya wingu hudanganywa vivyo hivyo, akainamisha ndege huku akidhani yu sawa, hata akaanguka.

Dawa yake ilikuwa chombo cha Sperry kinachoonyesha mstari wa upeo wa macho mbele ya rubani. Tarehe 24 Septemba 1929, rubani James Doolittle aliruka, akazunguka na kutua huko New York, naye amefunikwa asione nje hata kidogo. Sperry aliishi kuyaona hayo; alifariki Juni 1930.

Siku hizi ndege nyingi ndogo hazina gurudumu lile. Zina vipande vidogo vya elektroniki vinavyohisi mzunguko, lakini hivyo hukosea kidogo kidogo, na katika kona ndefu huchanganya nguvu ya kona na uvutano wa dunia. Kwa hiyo baadhi ya vyombo hivyo huazima habari za mwendo kutoka setilaiti ili vijisahihishe. Ishara za setilaiti ni dhaifu mno, na mitambo ya redio yaweza kuzivuruga. Zikikatika, chombo kisicho na msaada mwingine chaweza kumwonyesha rubani upeo wa uongo, naye yu ndani ya wingu. Pia ya Sperry ilikuwa na makosa yake katika kona, lakini haikungoja habari kutoka mbali.

Sisemi kwamba setilaiti ni mbaya. Zimeleta faida kubwa. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mhandisi mwenye busara huweka chombo cha pili kisichozihitaji. Nasi tunaokaribia mtihani tukumbuke hayo: daftari la jirani ni msaada mzuri, ila katika chumba cha mtihani kila mtu huingia na pia yake mwenyewe.