MAISHA YA SHEIKH UWAIS BIN MUHAMMAD WA BARAWA, NA JINSI ALIVYOUAWA

Ratibu ya Kadiria isomwayo pwani ya kusini, tangu Lindi hata Mikindani na vijiji vya karibu na mlango wa Mto Ruvuma, ililetwa na makhalifa wengi; lakini jina kubwa katika tarika hiyo kwa nchi za Waswahili ni la Sheikh Uwais bin Muhammad, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa Barawa, pwani ya Banadiri, mwaka wa 1263 wa Hijra, yaani 1847 wa Miladi. Hakuwa mtoto wa tajiri wala wa sharifu. Alisoma kwa wanavyuoni wa mji wake, kisha akafunga safari kwenda Baghdadi, alikozikwa Sheikh Abdulkadir Jilani, na huko akapewa ijaza ya tarika na Sayyid Mustafa, aliye wa kizazi cha Sheikh huyo. Akahiji Makka, hata mwaka wa 1883 akarejea kwao.

Sayyid Barghash bin Said alimkaribisha Unguja, ijapokuwa Sayyid mwenyewe alikuwa Ibadhi, na mgeni wake ni Shafii tena mtu wa tarika. Tofauti ya madhehebu haikumfungia mlango. Sheikh Uwais alikwenda Unguja zaidi ya mara moja, akaweka makhalifa, na wala hakuchagua wanafunzi kwa nasaba: waliingia waungwana na watumwa, Waarabu na watu wa bara. Kwa njia hiyo tarika ilifika Tabora, Ujiji na Kongo, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikavuka mpaka Kisiwa cha Msumbiji. Wadachi waliiogopa. Mwaka wa 1908, ilipoenea Lindi barua iliyodaiwa kutoka Makka, waliwashuku watu wa dhikri kwamba wanapanga fitina.

Ama fitina iliyomwua Sheikh haikutoka kwa Mdachi. Katika nchi ya Wasomali, Sayyid Muhammad Abdullah Hassan, mtu wa tarika ya Salihia, alisimamisha jihadi mwaka wa 1899 juu ya Waingereza na Wahabeshi. Wengi walimsifu kwa kupigana na waliotwaa nchi yao, na sifa hiyo si ya uwongo. Lakini upanga ule ule uligeuziwa Waislamu waliokataa kumfuata. Watu wa Kadiria walilaumiwa kwa kutawasali na mawalii na kuzuru makaburi, mambo ambayo wanavyuoni wamekuwa wakijadiliana vitabuni karne nyingi. Safari hii jawabu ilikuwa mkuki. Sheikh Uwais alijibu kwa kasida za Kiarabu, akiwalaumu wale kwa kuua wanavyuoni na kuhalalisha mali za watu. Hata Sheikh Muhammad Salih wa Makka, mwalimu wa Sayyid huyo, aliandika kuyakana matendo yake, na barua yake ikajulikana mwaka wa 1909.

Wakati huo Sheikh Uwais alikuwa amekwisha toka Barawa, akaweka kijiji cha wanafunzi wake huko bara, Biyoley. Tarehe 23 Mfunguo Sita 1327, yaani 14 Aprili 1909, watu wa Salihia walikiingia kijiji hicho, wakamwua pamoja na wafuasi wake 26. Sayyid Muhammad alikufa kwa maradhi mwaka wa 1920, vita vyake vimekwisha shindwa.

Miaka mia baadaye, Barawa ilikuwa mikononi mwa Al-Shabaab, walioushika mji hata Oktoba 2014 na kubomoa makaburi ya mawalii. Wala isidhaniwe kwamba hawa ni wamoja na wauaji wa Biyoley: wale walikuwa na tarika yao, hawa waikataa tarika yoyote. Kilicho sawa ni kumkufurisha Mwislamu ili damu yake iwe halali.

Kilifika Ruvuma nacho. Upande wa Msumbiji, vijana waliokwisha gombana na masheikh wao misikitini walishika silaha, wakashambulia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mwezi wa Oktoba 2020 wakavuka mto, wakaingia Kitaya katika mkoa wa Mtwara, wakaua watu na kuchoma nyumba. Waliosalimika wakakimbia na watoto wao usiku.