Tutakuwa Tumehamia: Mwalimu na Chamwino

Wanachuo wenzangu, kwenye stadi za mawasiliano kuna njeo moja ya Kiingereza inayotutoa jasho: ile ya will have. Mbona Kiswahili tunayo kila siku? Nitakuwa nimemaliza. Inataka vitu viwili tu: tarehe iliyo mbele, na kazi itakayokuwa imekwisha tarehe hiyo ikifika. Mimi naielewa zaidi nikimfikiria Mwalimu Nyerere.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922. Akasoma Makerere, akafundisha Tabora, akaenda Edinburgh, na aliporudi akafundisha Pugu hadi 1955, siasa ilipomtaka achague moja. Kiingereza alikimudu hadi akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare.

Akiwa Rais, mipango mikubwa ilitangazwa kwa njeo hiyo. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma: baada ya miaka 10 serikali itakuwa imehama. Mwaka 1974, kule Musoma, ikaamuliwa kwamba ifikapo 1977 watoto wote wa umri wa shule watakuwa wameandikishwa. Na ifikapo mwisho wa 1976, wanavijijini wote watakuwa wamehamia katika vijiji vya ujamaa.

Hapo tusimpambe. Kwenye vijiji tarehe iligeuka fimbo, na watu wengi walihamishwa kwa nguvu. Dodoma ilikuwa imeshaonja mapema, kwenye operesheni ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini pia Mwalimu hakuagiza kwa mbali: alikuja Chamwino, akakaa na wanakijiji na kufanya nao kazi ya matofali.

Mwaka 1983 ukafika, serikali bado ipo Dar es Salaam. Aling'atuka urais 1985, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Kuhama kwenyewe kulishika kasi 2016, na Ikulu mpya ya Chamwino ikazinduliwa Mei 2023, miaka 40 baada ya tarehe ile.

Alichelewa, ndiyo. Ila tunajua amechelewa kwa sababu ahadi ilikuwa na tarehe. Anayesema tutaboresha, basi, huwezi kumkamata popote. Kwa hiyo wagombea wa serikali ya wanafunzi wakipita mabwenini na tutafanya, tutaleta, tutashughulikia, waulizeni swali moja la sarufi: ifikapo lini, mtakuwa mmefanya nini?