Sheikh Abdullah Quilliam na Safari ya Jina Lake

Hapa kwetu pwani mtu akiulizwa jina, hataji moja akanyamaza. Hutaja lake, la babake na la babu, kisha akamalizia na kabila, ili muulizaji ajue ni wa nani na ametoka wapi. Wengi hudhani Wazungu hawana mambo haya. Wanayo, ila nasaba yao mara nyingi imejificha ndani ya neno moja. Mfano mzuri ni jina la marehemu Sheikh Abdullah Quilliam, yule Mwingereza aliyefungua msikiti mjini Liverpool zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Asili ya Quilliam ni kisiwa cha Man, kilichoko baina ya Uingereza na Ireland. Wenyeji wake walikuwa na lugha yao, na katika lugha hiyo neno Mac ni sawa na bin. Mtoto wa William akaitwa Mac Uilliam. Kwa kutamkwa haraka, mwanzo wa neno ukamezwa, ikabaki sauti ya mwisho ikagandana na jina la baba: Quilliam. Ndivyo yalivyozaliwa majina mengi ya huko yaanzayo kwa C, K au Q, kama Quayle, yaani bin Paul. William nalo lilikuwa jina geni. Lilienea Uingereza kwa Wanormani, waliotoka Ufaransa wakaiteka nchi hiyo mwaka 1066, kisha likavuka bahari mpaka Man.

Baadaye safari ikageuka. Liverpool ilipokua ikawa bandari kubwa, watu wa Man walihamia huko kutafuta riziki. Katika jamaa za asili hiyo alizaliwa William Henry Quilliam, tarehe 10 Aprili 1856, mtoto wa fundi wa saa. Kwa lugha yetu basi, alikuwa William bin William. Alilelewa katika madhehebu ya Methodisti na kufunzwa kuuchukia ulevi. Alisoma Liverpool na vile vile kisiwani kwa wazee wake, na mwaka 1878 akawa wakili.

Mwaka 1882 alisafiri Morocco, akavutiwa na mwenendo wa Waislamu aliowakuta. Aliporudi aliendelea kuisoma dini, na mwaka 1887 akatangaza kusilimu, akajiita Abdullah. Lakini jina la ukoo hakulitupa. Na hivyo ndivyo ilivyo sheria yetu, kwani Kurani imeamrisha watu waitwe kwa majina ya baba zao. Anayesilimu huacha ukafiri, haachi nasaba.

Mwaka huo huo alianzisha chama cha Waislamu Liverpool, na siku ya Krismasi mwaka 1889 kikahamia Brougham Terrace. Hapo palikuwa na msikiti, madrasa na mtambo wa kupigia chapa. Haikuwa kazi nyepesi. Adhana ilipotolewa, wenye chuki walirusha mawe na matope. Hata hivyo mamia ya Waingereza walisilimu mikononi mwake. Alitoa gazeti la kila wiki liitwalo The Crescent tangu 1893 hadi 1908, akafungua na nyumba ya kulelea watoto wasio na walezi. Sultani Abdul Hamid wa Pili wa Uturuki akamtambua kuwa Sheikhul Islam wa visiwa vya Uingereza. Mwaka 1896 aliwaonya Waislamu wasishike silaha upande wa Waingereza kuwapiga ndugu zao wa Sudan.

Lakini binadamu hakosi mtihani. Mwaka 1908 aliondoka ghafula kwenda Istanbul, na mwaka 1909 akafutwa katika daftari la mawakili kwa mwenendo wake katika kesi ya talaka. Nguzo ilipong'oka, nyumba ikaanguka: msikiti ukafungwa na waumini wakatawanyika. Aliporudi Uingereza hakuitwa tena Quilliam. Alijiita Henri de Léon, na kwa Waislamu wenzake Haroun Mustapha Léon. Dini hakuiacha, ila lile jina lililosafiri karne nyingi aliliweka chini kwa mkono wake mwenyewe. Alifariki London mwaka 1932, akazikwa makaburi ya Brookwood, karibu na Woking. Huko huko amelala Abdullah Yusuf Ali, mfasiri mashuhuri wa Kurani kwa Kiingereza.

Jengo la Brougham Terrace nalo lilipata mambo yake. Kwa miaka mingi lilikuwa ofisi ya serikali ya kuandikishia vizazi, ndoa na vifo. Pale alipopatia mtu jina jipya la dini, maelfu ya watoto wa Liverpool waliandikiwa majina ya baba zao. Kisha Waislamu wa mji huo wakaunda chama, wakakiita kwa jina la Abdullah Quilliam, wakalitengeneza jengo, na mwaka 2014 msikiti ukafunguliwa tena.

Hivyo jina aliloliacha mwenyewe limerudishwa na watu wasiomzaa wala kuzaliwa naye. Mwenyezi Mungu amsamehe makosa yake, amlipe kwa mema yake, na atujaalie sisi majina ambayo wajao hawataona haya kuyataja.